Picha za Nyua za Mji wa Kale na Majina Yasiyoandikwa



Jubilei ya miaka 100 huambatana na picha za kale ukutani. Kabla hazijatundikwa, yafaa kuzitazama picha nyingine za rangi nyeusi na nyeupe, zilizopigwa na Thomas Annan katika mji wa Glasgow, Uskoti, kati ya mwaka 1868 na 1871. Annan ndiye aliyempiga picha David Livingstone mwaka 1864, kabla mmisionari huyo hajaanza safari yake ya mwisho ya Afrika.

Wakati huo sehemu ya kale ya Glasgow, jirani na Kanisa Kuu, ilifurika watu waliofuata kazi za viwandani. Nyuma ya nyumba za barabara ya High Street vichochoro vyembamba viliingia katika nyua za ndani, na majengo yalisongamana hata jua lisifike chini. Kipindupindu kiliupiga mji mwaka 1832, kikarudi 1848 na 1853. Mwaka 1866 ilipitishwa sheria ya kuzinunua na kuzibomoa sehemu hizo. Wadhamini waliokabidhiwa kazi hiyo wakamwagiza Annan ayapige picha majengo kabla hayajaangushwa.

Kazi haikuwa nyepesi. Bamba la kioo lilipakwa dawa, likatiwa katika kamera lingali bichi, na ilipasa lisafishwe kabla halijakauka. Kwa kuwa mwanga ulikuwa hafifu, kamera iliachwa wazi kwa muda. Kuta zilitoka dhahiri, kila jiwe na kila ufa. Nguo zilizopeperushwa na upepo zilitoka kama ukungu. Mkazi aliyesimama tuli alihifadhiwa. Aliyekuwa akipita na shughuli zake alibaki kivuli, au hakuonekana kabisa.

Na hata wale walioonekana hawakuandikwa. Picha zilipewa jina la barabara na namba ya uchochoro, kama vile namba 118, High Street. Wapangaji wakahama, majengo yakabomolewa. Miaka ya 1878 na 1879 picha hizo zilichapwa upya kwa njia ya kaboni, ambayo haififii upesi. Na mwaka 1900, miaka 13 baada ya Annan kufariki, zikatolewa tena kitabuni. Leo zimo katika majumba ya makumbusho, na mtazamaji aweza kuhesabu mawe ya ua ule, lakini hawezi kumtaja kwa jina mama aliyesimama mlangoni.

Hapo ndipo lilipo funzo kwa usharika. Picha ya jengo la kanisa huhifadhi kuta na mnara. Haimhifadhi aliyefyatua matofali, wala akina mama walioteka maji ya ujenzi, maana kamera ilipofika wao walikuwa kazini. Wazee wanaowakumbuka wangali wapo, lakini hawatakuwapo daima. Basi kila picha inayotundikwa ipelekwe kwanza kwao, na nyuma yake yaandikwe kwa penseli majina ya walioonekana, na ya wale waliokuwapo wasionekane. Kazi hiyo yaweza kuanza Jumapili ijayo, baada ya ibada.

Bwana aibariki jubilei hii.