Dawa ya Miti Ipimwe, na Wenye Ujuzi Walindwe
Maneno ya afisa wa mawasiliano wa kaunti kwa wakazi wa Garsen



Swali ninaloulizwa vijijini ni hili: serikali inaamini dawa za miti shamba au haiamini? Jibu ni kwamba dawa ya mti hupimwa kama dawa nyingine yoyote.

Tuchukue mti wa mswaki. Mwaka 2011, watafiti nchini Uswidi walichapisha matokeo kwamba mizizi yake ina kemikali inayoua baadhi ya bakteria. Njia ya kawaida ya kupima ni rahisi kueleza. Bakteria hupakwa kwenye sahani yenye chakula chao. Kijikaratasi kilicholoweshwa dawa ya mti huwekwa juu. Sahani hukaa usiku kucha katika joto la nyuzi 37, kama la mwili. Asubuhi, duara tupu likionekana kuzunguka karatasi, bakteria wamezuiwa. Duara hilo hupimwa kwa milimita na kulinganishwa na la dawa ya hospitali.

Lakini sahani si mtoto. Kinachoua bakteria chaweza pia kumdhuru mgonjwa. Mafuta ya mwarobaini yamewahi kuwadhuru vibaya watoto wachanga waliponyweshwa. Ndiyo maana baada ya sahani hupimwa sumu, kisha kiasi cha kutumia, kisha wagonjwa waliokubali kwa hiari yao.

Kwa nini tujisumbue? Kwa sababu bakteria wanazidi kuwa sugu kwa dawa tulizo nazo. Mwaka 2019, usugu huo ulikadiriwa kuua watu milioni 1.27 duniani. Tukinunua vidonge dukani na kumeza nusu dozi, tunauongeza.

Nawaomba mambo matatu.

Kwanza, mtoto akiharisha, mpeni ORS na mumpeleke zahanati mapema. Msingoje mti ushindwe kwanza. Kama amekunywa dawa ya miti, mwambieni mhudumu ni ipi.

Pili, malizeni dozi mliyoandikiwa, wala msigawane na jirani.

Tatu, nasema na wazee wenye ujuzi, Wapokomo, Waorma, Wawardei na wengine. Ujuzi wenu ni mali ya jamii. Katiba, kifungu cha 69, inaitaka serikali kuulinda, na sheria ya mwaka 2016 kuhusu maarifa ya jadi inazipa kaunti jukumu la kuyasajili. Akija mtafiti kutaka mizizi na majani, mwombeni kibali cha NACOSTI na cha NEMA. Aeleze anapeleka wapi na jamii itapata nini. Msikubali kabla ya kuelewa.

Mzee akifariki bila kuandikisha anachokijua, hakuna maabara itakayokipima, na wajukuu wake hawatakuwa na cha kudai. Tuanze kuandikisha sasa.