Ukumbi Wetu wa Sinema: Kuutunza kwa Majira na Kuwalinda Waingiao

(Hotuba iliyosomwa mbele ya Mkutano Mkuu wa Mwaka wa Chama, Nyansiongo)



Sisi wa Halmashauri ya Ukumbi tumeagizwa tueleze habari za jengo letu, ambalo siku za juma ni mahali pa mikutano, na jioni za Jumamosi ni mahali pa sinema. Twashukuru kwa heshima hiyo. Hatukuja kusoma hesabu, kwa kuwa Mweka Hazina amekwisha kuisoma. Tumekuja kunena juu ya paa, mlango na ufunguo. Na juu ya ufunguo tunalo jambo la kuungama.

Wazee wanakumbuka miaka ya 1950 na 1960, wakati sinema ilipowajia watu wa vijijini kwa gari. Kitambaa cheupe kilitundikwa uwanjani, watu wakaketi majanini. Mvua ikinyesha, kila mtu alikimbilia kwake, wala hapakuwa na ukuta wa kumzuia. Leo tuna kuta nne. Ukuta humkinga mtu na mvua, lakini waweza pia kumfungia ndani. Kwa hiyo mwenye ukumbi ana kazi mbili: kulitunza jengo lisiwaangukie watu, na kuwatunza watu wasinaswe na jengo.

Kwanza, jengo. Nchi yetu hii ya milima hupata mvua ipitayo milimita 1,500 kwa mwaka. Milimita moja juu ya mita moja ya mraba ni lita moja ya maji. Paa letu lina urefu wa mita 20 na upana wa mita 10. Basi kwa mwaka mmoja hupokea lita 300,000 au zaidi. Maji hayo yote hayana budi kupata njia. Yasipopita katika mifereji ya paa, yatapita ukutani. Na yasipochukuliwa mbali kwa mtaro, yatachimba msingi.

Mvua kubwa huanza Machi na kuendelea hata Mei, kisha huja zile za Septemba hata Novemba. Basi kazi ya paa ni ya Januari na Februari, wakati mtu awezapo kupanda ngazi kavu. Kila msumari wa bati utazamwe. Uliolegea ukazwe, na mpira wake uliochakaa ubadilishwe. Majani ya mikaratusi yaondolewe katika mifereji. Hapa kwetu kuna tena mvua ya mawe: mawe hujaa mferejini, maji yakakosa njia, yakarudi nyuma chini ya bati hata darini. Kwa hiyo baada ya kila mvua ya mawe, si mwisho wa mwaka tu, mtu apande akaangalie.

Mbao za kenchi nazo zachunguzwe kwa ajili ya mchwa na kuoza. Katika nyumba za nyasi za wazazi wetu moshi wa mekoni ulizikausha mbao na kuwafukuza wadudu. Ukumbi hauna meko, kwa hiyo dawa ya mbao na jicho la fundi ndivyo vitakavyoshika mahali pa moshi.

Tusidhani kwamba uzuri wa jengo hulilinda. Kule Mji Mkongwe, Unguja, jengo la sinema la kwanza liliteketea kwa moto. Likajengwa upya, likafunguliwa mwaka 1955 kwa jina la Majestic, nalo likawa fahari ya mji. Lakini miaka ya baadaye lilikosa matunzo, paa la ukumbi likaharibika, na kazi ya kulirejesha imekuwa kubwa na ya gharama. Usipoziba ufa, utajenga ukuta.

Pili, radi. Hakuna mtu wa Gusii asiyejua nguvu zake. Mwaka 2011, huko Kiryandongo, Uganda, radi iliua watoto 18 wa shule moja kwa pigo moja. Jengo letu lina fimbo ya chuma ya kukinga radi, lakini fimbo peke yake haitoshi. Waya wake sharti ufike ardhini pasipo kukatika, na kila mwaka fundi aupime. Kadhalika mwenye kuendesha mashine ahesabu baada ya umeme wa mbinguni kumulika. Ngurumo huchukua sekunde tatu hivi kusafiri kilomita moja. Ikisikika kabla ya sekunde 30 kwisha, radi iko karibu. Basi azime mashine na kuitenga na nyaya, na watu wakae ndani, mbali na kuta na nyaya hizo, wala mtu asitoke kwenda kujikinga chini ya mti.

Tatu, umeme na moto. Fyuzi ikikatika isifungwe kwa kipande cha waya, maana fyuzi hukatika ili nyumba isiungue. Jenereta ikae nje, mbali na madirisha, kwa sababu moshi wake huua bila harufu ya kutisha. Na petroli isiwekwe ndani ya ukumbi hata kwa usiku mmoja. Mtungi wa kuzimia moto uwe karibu na mashine, ukaguliwe kila mwaka. Ndoo za mchanga zisigeuzwe kuwa mahali pa kutupia maganda ya njugu, kama tulivyozikuta.

Sasa twafika kwenye ufunguo. Katika mwezi wa Aprili, jioni moja, taa zilizimika katikati ya picha, na papo hapo radi ikapiga karibu. Mtu mmoja akapiga kelele, “Moto!” Hapakuwa na moto. Lakini watu wote waliukimbilia mlango mkubwa, nao hufunguka kwa ndani. Walio mbele hawakuweza kuuvuta, kwa kuwa walio nyuma waliwasukuma juu yake. Mlango mdogo wa ubavuni ulikuwa na kufuli. Ufunguo ulikuwa mfukoni mwa mmoja wetu, naye alikuwa amekwenda dukani kununua mishumaa. Mtoto mmoja alivunjika mkono. Mzee mmoja alisimama juu ya benchi akawaamuru watu, kwa Kigusii na kwa sauti ya baba, waketi chini. Wakaketi, mlango ukavutwa. Kufuli ile tuliiweka sisi, ili wasiolipa wasiingie kwa siri. Kosa ni letu, nasi twaomba radhi mbele ya wazazi wa mtoto yule na mbele yenu nyote.

Jambo hili si geni duniani. Tarehe 31 Desemba 1929, katika mji wa Paisley, Uskochi, watoto walijaa katika sinema iitwayo Glen. Filamu za siku zile zilikuwa za aina ishikayo moto upesi mno, aina iliyoachwa kutengenezwa mwanzoni mwa miaka ya 1950. Mkebe mmoja wa filamu ulitoa moshi, watoto wakakimbilia njia ya kutokea, wakaikuta imefungwa. Walikufa watoto 71, wengi wao kwa kusongamana. Baada ya msiba huo sheria ilikazwa: milango ya kutosha, tena ifungukayo kwa nje. Na katika nchi yetu wenyewe, Machi 2001, wanafunzi 67 wa Kyanguli, Machakos, walikufa motoni katika bweni ambalo mlango wake mmoja ulikuwa umefungwa na madirisha yake yana vyuma.

Husemwa kwamba ajali haina kinga. Kwa heshima yote, Wazee wetu, twaona kwamba kufuli si ajali. Mtu huinunua, huifunga, na aweza kuifungua.

Wako wanachama waliotuambia kwamba mlango mdogo ukiachwa wazi tutapoteza viingilio, na kwamba fedha za mwaka huu zafaa zinunue viti vipya. Neno lao lina haki, maana mabenchi yetu yamechakaa kweli. Lakini kiti kibovu humchosha mtu kwa saa mbili; mlango mbovu waweza kumzuia asirudi kwake kabisa.

Basi twaomba Mkutano huu ukubali mambo manne. Mosi, milango yote miwili igeuzwe ifunguke kwa nje kabla ya mvua za Machi. Pili, mlango mdogo usiwe na kufuli wakati wo wote watu wamo ndani, bali uwe na mngoja mlango, naye alipwe kutokana na viingilio. Tatu, tikiti zisizidi idadi ya watu wawezao kuketi, na njia ya katikati isiwekwe benchi. Nne, liwepo daftari la ukumbi, ambamo kazi ya kila majira itaandikwa pamoja na jina la aliyeitenda, na Wazee walikague kila mwaka.

Viti vingoje mwaka ujao. Kufuli ile tumekuja nayo hapa, Bwana Mwenyekiti. Twaiweka mezani pako, wala hatutaomba turudishiwe.