Tiba ya Maumivu Sugu ya Mgongo wa Chini

Maumivu ya mgongo wa chini, ambayo wengi huyaita maumivu ya kiuno, huhesabiwa kuwa sugu yakidumu zaidi ya miezi mitatu. Kwa makadirio yanayotumiwa na Shirika la Afya Duniani (WHO), watu milioni 619 walikuwa na maumivu ya mgongo wa chini mwaka 2020, na huenda wakafika milioni 843 ifikapo 2050. Hakuna tatizo jingine la afya linalowapunguzia watu wengi kiasi hicho uwezo wa kufanya kazi zao.

Kabla ya tiba yoyote, tabibu huwatafuta wale wachache wenye chanzo cha hatari. Aliyekonda bila sababu, anayetoka jasho na homa usiku, aliyewahi kuugua saratani au aliyeanguka akiwa na mifupa dhaifu hupimwa mapema. Afrika Mashariki haifai kusahau kifua kikuu cha uti wa mgongo, ambacho hula pingili polepole hadi mtu akaota kibiongo, wala brusela kwa wanaokunywa maziwa mabichi. Ganzi kwenye makalio na sehemu za siri, mkojo kuziba au haja kutoka yenyewe, na miguu kulegea ghafla ni dharura. Mgonjwa huyo apelekwe hospitali siku hiyohiyo.

Waliobaki, takribani tisa katika kila kumi, hawana jeraha moja ambalo daktari anaweza kulinyooshea kidole. Hapo ndipo tiba nyingi hupotea njia. Familia huchangishana ili mgonjwa apigwe picha ya MRI, majibu huja kwamba pingili zimesagika, naye hurudi nyumbani akiamini mgongo wake umekwisha. Mapitio ya tafiti yaliyochapishwa mwaka 2015 yalitazama picha za watu wasio na maumivu yoyote. Diski zilizochakaa zilionekana kwa asilimia 37 ya wenye umri wa miaka 20, na kwa asilimia 96 ya wenye miaka 80. Uchakavu huo huja na umri, kwa anayeumwa na asiyeumwa. Kumsomea mgonjwa majibu bila kumweleza jambo hili ni kumwongezea ugonjwa.

Hofu ina nafasi yake katika kuyafanya maumivu yasiondoke. Mishipa ya fahamu iliyozoea maumivu huwa myepesi kupita kiasi, na kuinama kidogo tu kukahisiwa kama kuumia upya. Mgonjwa huacha kuinama, misuli hulegea, na siku akilazimika kuinama huumia zaidi. Kukosa usingizi na mawazo ya kodi na ada za watoto hukoleza hali hiyo.

Mwongozo wa WHO wa Desemba 2023 unapendekeza elimu kwa mgonjwa, mazoezi na tiba ya kisaikolojia. Hakuna aina moja ya mazoezi iliyothibitika kuzishinda nyingine zote kwa mbali, hivyo bora ni yale ambayo mgonjwa ataweza kuyaendeleza kwa miezi. Katika chumba cha fiziotherapia huenda akalala chali mkekani, magoti yamekunjwa na nyayo zimekanyaga chini, akanyanyua kiuno, akakishikilia kwa sekunde chache, kisha akakishusha taratibu. Kwa mkulima au mama anayeteka maji, hatua inayofuata ni ile kazi yenyewe anayoiogopa. Huanza kunyanyua ndoo tupu, kisha yenye lita tano, na kuendelea hadi mwili ukubali tena mzigo wa kila siku. Maumivu kidogo wakati wa zoezi si dalili kwamba kuna kitu kimekatika, na mtaalamu hana budi kulisema hilo mara kwa mara.

Kuchuliwa misuli kunaweza kuleta nafuu ya muda. Ibuprofeni na diklofenaki husaidia kiasi, lakini zikitumiwa mfululizo huleta vidonda vya tumbo, hudhuru figo na kupandisha shinikizo la damu, kwa hiyo desturi ya kununua vidonge au kuchomwa sindano ya diklofenaki kila kiuno kinapokaza ni ya hatari. Mwongozo huohuo haupendekezi dawa za jamii ya afyuni, mikanda ya kiuno wala mashine za kuvuta uti wa mgongo. Inasikitisha kwamba mikanda na mashine ndizo wagonjwa wengi huuziwa kwanza.

Upasuaji una mahali pake. Mwaka 1934 Mixter na Barr wa Boston walieleza jinsi diski iliyochomoza inavyobana mzizi wa neva, na hadi leo mwenye maumivu makali yanayoshuka mguuni yasiyotulia kwa tiba nyingine anaweza kufaidika. Kwa maumivu ya mgongo peke yake, kuunganisha pingili kwa vyuma hakujaonyesha faida ya wazi juu ya mazoezi ya kina yanayosimamiwa vizuri.

Maumivu yakishatulia, hubaki swali la kuyazuia yasirudi. Utafiti wa Australia uliochapishwa mwaka 2024 uliwafuatilia watu 701 waliopona karibuni. Baadhi yao walielekezwa na mtaalamu kuongeza matembezi polepole hadi dakika 30, siku tano kwa wiki. Kwa kipimo cha kati, maumivu yaliwarudia baada ya siku 208, ilhali kwa wasioelekezwa yalirudi baada ya siku 112.