Shaba, chokaa na bokali ya krevete

Maneno tuliyosema kwenye mukutano wa chama, Kakontwe

Mukutano uliopita mulituuliza juu ya ile akwariumu ndogo yenye majani na kamba wa mayi matamu, wale ambao hapa kwetu tunaita krevete. Kati yetu tuliorudi, kuko wale walioiona kwenye magazini ya Afrika Kusini, na vijana wanataka kujua kama inaweza kuishi Likasi. Jibu letu: inaweza. Lakini hapa kuko shida ambayo vitabu vya wageni havisemi sana, na iko chini ya miguu yetu.

Tuanze na habari nzuri. Krevete akikomaa anavua ganda, kisha anajenga lingine na kalsiamu ya ndani ya mayi. Mayi yasiyo na chokaa yanamushinda. Sisi wa Kakontwe hatuna shida hiyo. Wanajiolojia wamepatia tabaka nzima ya mawe jina la chokaa ya Kakontwe, na jina hilo wanalitumia kule Kipushi, na hata ngambo ya mupaka, upande wa Ndola. Muliokaa Zambia miaka mingi, mulikuwa munakanyaga jina la kwenu. Ile unga nyeupe inayoganda ndani ya sufuria ya kuchemshia mayi, njo chokaa hiyo. Kwa hiyo musipoteze franga kununua dawa ya kuongeza madini. Na ganda lililovuliwa mulikuwe palepale, krevete watalikula wenyewe.

Sasa habari ngumu: shaba. Krevete damu yake haina chuma kama yetu, iko na shaba, njo maana inaelekea rangi ya bluu. Anaihitaji kidogo sana. Ikipita kiasi, inamuua. Shirika la Afya Duniani linakubali mayi ya kunywa yawe na shaba mupaka miligramu 2 kwa litri moja, lakini krevete anaweza kufa mbali chini ya hapo. Na sisi tuko muji wa Shituru na Panda, mahali shaba imetumikishwa tangu wakati wa Union Minière.

Kwa hiyo lile jiwe zuri la kijani, malakiti, ambalo kila nyumba iko nalo juu ya meza, lisiingie ndani ya bokali hata kwa siku moja. Ni shaba. Jiwe lolote lenye alama ya kijani ao ya bluu, liache inje. Waya ya shaba vilevile. Na dawa za kuua ukoko ama za kuponyesha samaki, nyingi ziko na shaba ndani. Soma karatasi yake kwanza.

Mayi ya REGIDESO yaache ndani ya ndoo wazi siku moja ao mbili ili klori itoke. Mayi ya kisima, jaribu na krevete wawili kabla ya kutia wote. Lakini hapa tusikilizane vizuri, juu tumesikia watu wanasema krevete atatupimia mayi ya kunywa. Hapana! Krevete akikufa, pengine ni shaba kidogo ambayo mutu haimuumizi. Krevete akiishi na kuzaa, mayi yanaweza bado kuwa na vijidudu vya kuhara vinavyoua mutoto. Mayi ya mutoto, chemsha. Krevete hana diplome ya laboratware.

Juu ya majani. Pale kwenye tuvijito kunaota majani yanayofaa sana, kama lile linalofanana na mukia wa paka, Ceratophyllum, ambalo halina hata mizizi: unaliacha lielee tu. Lakini konokono za mito yetu, nyingine zinabeba bilharzia. Musitume watoto kuingia mutoni. Mutu mukubwa avae gaa na botte, aoshe majani vizuri, atoe kila konokono na mayai yake, kisha ayaweke ndani ya ndoo peke yake wiki mbili. Vile vidudu vya bilharzia vikiisha kutoka kwa konokono, haviishi siku nyingi bila kupata mutu.

Kuran tunajua namna inavyokatika. Basi musitegemee pompi. Bokali ya litri 20 yenye mudomo mupana, muchanga uliooshwa, majani mengi karibu na dirisha lakini si kwenye jua kali, na krevete 10 tu. Utie majani kwanza, ungojee wiki 4 mupaka 6. Uchafu unatoa amonia, na bakteria wanaohitajika kuigeuza wanakuya polepole. Majani nayo yanakula kinachobaki. Mutu asiyeweza kungojea, afuge kuku. Chakula ni kipande kidogo cha lengalenga kilichochemshwa, na kesho yake unatoa kilichobaki.

Bamama watauliza juu ya mbu, na wako na haki, mayi yaliyosimama yanazaa mbu. Funika bokali, lakini si na musikitera ya kutia dawa: ile dawa ya kuua mbu inaua na krevete. Chukua kitambaa chepesi kilichofuliwa. Na bombe ya kupuliza ndani ya chumba, isipulizwe karibu yake.

Kijana mumoja aliuliza kama chama kinaweza kukopesha franga ya kuanza biashara hii. Maoni yetu ni hapana. Wanunuzi hapa ni wachache, na ile franga ni ya wagonjwa na ya kilio. Atakayependa, aanze na bokali ya mayonezi na jani moja la mutoni.

Ile ya chama itakaa hapa ndani ya chumba ya mukutano, watoto waione. Siku ya posho tutaosha muchanga. Anayeko na ndoo ambayo haijawahi kutiwa sabuni ao javeli, ailete.