Trekta Likichemka, Anza na Maji

Leo tutazungumza juu ya jambo linalokatisha kazi ya wengi wakati wa kulima, nalo ni trekta kuchemka shambani.

Kwetu huku Kilwa na Lindi mvua ni za msimu mmoja. Huanza Novemba au Desemba na kwisha Aprili au Mei. Mkulima wa ufuta au wa mahindi ana wiki chache tu za kutayarisha shamba lake. Trekta ni moja, na wanaolingojea ni wengi. Likilala wiki mbili kwa fundi, yule wa mwisho katika orodha ndiye anayepanda kwa kuchelewa, na ndiye atakayevuna pungufu. Kwa hiyo jambo hili si la dereva peke yake. Ni lako pia wewe unayelipa kulimiwa.

Mkoa wetu una funzo la zamani. Mwaka 1947 Waingereza walianzisha mpango mkubwa wa karanga, na Nachingwea ilikuwa mojawapo ya sehemu zake. Matrekta yaliletwa kwa wingi, lakini mengi yaliharibika upesi, na mwaka 1951 mpango ukavunjwa. Sababu zilikuwa nyingi, ila moja inatuhusu sisi: mashine ni mali pale tu inapotunzwa.

Basi neno la leo ni hili: injini ikichemka, usianze kuilaumu injini. Anza na maji yanayoipoza.

Maji hayo yana safari yake. Pampu huyasukuma kuizunguka injini. Yakipata moto hupita mpira wa juu hadi kwenye rejeta, hupozwa na upepo wa feni, halafu hurudi kwa mpira wa chini. Njiani kuna kilango kidogo kiitwacho thamostati. Injini ikiwa baridi kilango hufunga ili ipate moto upesi. Maji yakifika kama nyuzi 70 hadi 90 za Selisiasi, kulingana na aina ya injini, kilango hufunguka.

Sasa mshale wa joto umepanda. Ufanye nini? Simamisha kazi, zima injini, ungoje. Usifungue kifuniko cha rejeta kikiwa cha moto! Maji yaliyofungiwa humo yanaweza kupita nyuzi 100 bila kuchemka, na ukifungua yanakurukia usoni. Ngoja mpaka uweze kuushika mpira wa juu bila kuungua. Kisha weka kitambaa kizito, legeza kifuniko kidogo, mvuke utoke, ndipo ufungue. Wala usimimine maji baridi katika injini yenye moto iliyokauka, maana chuma kinaweza kupasuka.

Injini ikishapoa, tafuta sababu kwa utaratibu, ukianza na ile isiyo na gharama.

Kwanza, tazama kiasi cha maji. Yakiwa yamepungua, yametoka wapi? Angalia mipira, chini ya pampu na chini ya rejeta. Mahali palipovuja huacha alama nyeupe au ya kutu.

Pili, tazama uso wa rejeta. Vumbi, mbegu za nyasi na makapi huziba matundu yake, na upepo haupiti. Osha kwa maji yasiyo na nguvu nyingi, ukielekeza kutoka upande wa feni kwenda nje. Usichokoe kwa kisu.

Tatu, bonyeza mkanda wa feni kwa kidole gumba, katikati ya magurudumu yake mawili, injini ikiwa imezimwa. Mara nyingi hutakiwa kubonyea kama sentimita moja hadi mbili. Ukilegea zaidi, feni na pampu hazizunguki sawasawa.

Nne, washa injini na upapase mipira, ukiiweka mikono mbali na feni. Mpira wa juu hutakiwa kubaki baridi kwa muda, kisha kupata moto kwa ghafla. Hapo kilango kimefunguka. Injini ikichemka huku mpira wa chini ungali baridi, ama kilango kimekwama kikiwa kimefunga, ama rejeta imeziba ndani.

Kilango unaweza kukipima jikoni. Kitoe, kining'inize kwa uzi ndani ya sufuria ya maji, uweke motoni. Kikiwa kizima kitafunguka kabla maji hayajachemka, na kitafunga yakipoa. Kisipofunguka, nunua kingine.

Tano, tazama oili. Ikiwa na rangi ya chai ya maziwa, au ukiona mapovu yanapanda katika rejeta mara tu injini inapowashwa, huenda gasketi ya hedi imeungua. Hapo usilime hata tuta moja. Ita fundi.

Wako wanaosema, "Thamostati ni ya nchi za baridi, huku pwani itupeni." Usikubali. Bila kilango, injini huchelewa kupata moto, hula dizeli zaidi, na oili yake huchafuka upesi. Kwa pesa uliyookoa leo utanunua injini kesho.

Ukitaka ushahidi, waulize madereva wanaotoka pwani na mizigo kwenda Njombe au Makete mwezi wa Juni au Julai. Kule baridi ni kali, nao huwasha hita. Hita ni rejeta ndogo tu iliyomo ndani ya gari, inayotumia maji yaleyale ya injini. Gari lililotolewa kilango hupuliza upepo wa uvuguvugu, na dereva hutetemeka njia nzima. Hita ikiwa dhaifu, papasa mipira yake miwili injini ikiwa na moto. Yote miwili ikiwa ya moto, kasoro iko kwenye feni ya hita au njia ya upepo. Mmoja wa moto na mwingine baridi, hita imeziba, au maji hayapiti kwa sababu ya hewa iliyonaswa ndani. Na mshale ukiwa juu huku hita inapuliza baridi, simama mara moja: huenda maji yamekwisha.

Je, kitu gani huziba? Hapa ndipo penye shabaha yangu. Visima vingi vya pwani yetu vimechimbwa katika mawe ya matumbawe. Maji yake yana chokaa, na vingine vina chumvi. Tazama ndani ya birika lako la chai: ule ukoko mweupe ndio unaojijenga ndani ya rejeta. Chumvi nayo hula chuma. Maji ya bahari usiyatie kamwe, hata kwa dharura ya kufika nyumbani.

Tumia maji ya mvua. Acha mvua ya kwanza ioshe bati, kisha kinga, chuja kwa kitambaa safi, na uhifadhi madumu mawili kwa ajili ya trekta tu. Ukiweza, changanya na dawa ya rejeta iitwayo kulanti kwa kipimo kilichoandikwa kwenye chombo chake, maana huzuia kutu. Lakini angalia: kulanti nyingi zina ladha tamu na ni sumu. Usiimwage pale mbuzi na kuku wanapokunywa, wala usiiache karibu na watoto.

Ndugu mkulima, kabla trekta halijaingia shambani kwako, mwambie dereva akuonyeshe maji, mkanda na uso wa rejeta. Ni kazi ya dakika kumi. Asione umemwingilia, kwani mvua ikipita hailipwi na fundi yeyote.