Bahasha Iliyofungwa

Leo tuzungumzie bahasha.

Wazee wetu wa kandokando ya Ziwa Nyasa wanakumbuka barua zilivyosafiri. Ukimpata mtu anayepanda meli ya MV Songea, au mtumbwi wa kwenda Mbamba Bay, unamkabidhi bahasha yenye jina la mpokeaji, na chini yake umeandika "Kwa mkono wa" fulani. Gundi ikikosekana, tonge dogo la ugali lilitosha kuibandika. Mchukuzi aliitia kwenye mfuko wa nailoni isilowe, na hata kama alijua kusoma, hakuifungua. Heshima ya bahasha ndiyo hiyo: aliyeibeba hakuwa na haja ya kujua kilichomo.

Heshima hiyo ingalipo. Bahasha za mtihani wa darasa la saba hufunguliwa ndani ya chumba cha mtihani, watahiniwa wakiona. Matangazo ya zabuni yalitaka bahasha "iliyofungwa kwa lakiri", ili bei ya mzabuni mmoja isivuje kwa mwenzake. Tangu 2023 zabuni za umma zimehamia kwenye mfumo wa mtandaoni wa NeST, lakini siri ni ileile. Kanisani nako, mwenye elfu moja na mwenye elfu hamsini wanatoa bahasha zinazofanana, na hilo nalipenda kuliko yote. Hakuna anayeaibika.

Sasa iko bahasha nyingine. Mtu anafuatilia hati ya kiwanja, anaambiwa "njoo na bahasha," na wote wawili wanajua kwamba hawazungumzii karatasi. Inaniuma. Ile ya kanisani inamsitiri maskini. Hii inamsitiri mla rushwa. Sheria ya Kuzuia na Kupambana na Rushwa ya mwaka 2007 haijali rushwa umeifunika kwa kitu gani: kuomba ni kosa, kupokea ni kosa, na kutoa vilevile ni kosa.

Kwa hiyo ukidaiwa bahasha ofisini, omba kumbukumbu namba ya malipo. Malipo halali ya serikali yana namba hiyo, tena yana risiti. Ukizungushwa, piga 113, namba ya bure ya TAKUKURU. Kabla hujapiga, andika tarehe, ofisi uliyoingia na maneno uliyoambiwa, maana hayo ndiyo watakayokuuliza.