NDEVU ZA MITI YA ULUGURU
(Hotuba fupi iliyotolewa mbele ya wanafunzi wa zamani na wa sasa)



Mimi ni mtumishi wa serikali katika kazi za maji. Hata hivyo leo nitasema juu ya kimea kidogo.

Ukipanda Uluguru mpaka penye ukungu, utaona matawi yameota ndevu. Wengi huziita zote kuvumwani, kumbe ziko za namna mbili. Vuta uzi mmoja polepole. Gamba likikatika na ndani ukatokea uzi mweupe unaovutika kama mpira, hiyo ni Usnea: ushirika wa kuvu na mwani, wala si mmea. Lakini ukiona kishina chenye vijani vidogo, huo ni mmea halisi. Shika kioo cha kukuzia. Vijani vikibonyea kama vijiko na kulaliana, yaelekea ni Pilotrichella. Jina kamili litathibitishwa kwa hadubini. Chukua uzi mmoja tu, uandike mahali, mti na tarehe.

Kuna faida gani? Mwaka 1980 mtaalamu Tamás Pócs alieleza kwamba mimea iotayo juu ya miti ya kilele cha Uluguru yaweza kunasa lita 50,000 kwa hekta katika mvua moja. Maji hayo hudondoka taratibu kuelekea Ruvu, mto unaoinywesha Dar es Salaam. Miti ikikatwa, ndevu hufa nayo, na mvua hushuka na udongo.

Vijana, asiyekijua kitu hawezi kukilinda.